Boksi moja au mawili? Kuchagua amplifaya kwa sebule ya Tanga

Mjomba wangu amestaafu na ana azma moja: kuzisikiliza tena santuri zake. Zimelala sandukuni huko Chumbageni tangu mashine yake ya zamani ilipozimika isiwake tena. Nyingi ni zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, za enzi ambazo Black Star na Lucky Star waliifanya Tanga kuwa jina kubwa la taarabu pwani nzima, na chache ni za dansi, za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Jioni moja aliniita, akanionyesha picha mbili kwenye simu. Ya kwanza ilikuwa amplifaya ya Kijapani ya miaka ya 1970, boksi moja zito lenye vinobu vya chuma. Ya pili ilikuwa maboksi mawili yaliyopangwa moja juu ya jingine, yanauzwa pamoja.

"Mpwa wangu," akaniambia, "kijana wa dukani asema mwenye kuujua muziki hanunui boksi moja. Ati sauti yataka vipande. Ni kweli, au ayataka mafao yangu?"

Nilimwomba siku tatu. Jibu nilikuwa nalo, lakini swali lenyewe limebeba maswali matatu tumboni, na ukilijibu kwa mkupuo utamdanganya mtu bila kukusudia. Kuna swali la kazi: kuiandaa sauti na kuisukuma spika, je, ni kazi moja au mbili? Kuna swali la umeme: kazi hizo zinywe kutoka transfoma moja, au kila moja iwe na yake? Na kuna swali la mfuko: ununue vyote leo, au kimoja leo na kingine mwakani? Dukani yote matatu hujibiwa kwa kukuhesabia maboksi, na hesabu ya maboksi hailijibu sawasawa ila lile la mwisho.

Kazi mbili zisizofanana

Tuanzie kwenye ncha ya sindano. Sindano ya kawaida ya santuri, ile ya sumaku inayotembea, hutoa umeme wa milivolti 3 hadi 5 hivi. Milivolti 5 ni volti moja iliyogawanywa mara 200. Ndani ya umeme huo mdogo mmo kila kitu: koo la mwimbaji, kodiani inayovuta pumzi, gitaa la besi, na makofi ya bongo. Mwisho wa safari, spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyoupinga mkondo wa umeme) ikihitaji wati 50, amplifaya lazima iipe volti 20 na mkondo wa ampea 2.5. Piga hesabu: kutoka sindanoni hadi spikani volti zimekua mara 4,000.

Safari hiyo ina wafanyakazi wawili. Wa kwanza ni priampu. Yeye hupokea, huchagua kama usikilize santuri au CD au simu, na hukupa kinobu cha sauti. Kwa santuri ana jukumu zaidi. Santuri huchongwa besi ikiwa imepunguzwa na trebo, yaani sauti kali za juu, ikiwa imeongezwa, kwa kanuni iitwayo RIAA iliyoenea tangu miaka ya 1950, ili mifereji isiwe mipana kupita kiasi na mikwaruzo isiufunike muziki. Priampu lazima ipindue hesabu hiyo, besi irudi na trebo ishuke. Ukiichomeka mashine ya santuri kwenye tundu la CD, utasikia kitu kidogo, chembamba, kama redio iliyofungiwa ndani ya debe. Watu wengi wameitukana sindano nzima kwa kosa la tundu.

Mfanyakazi wa pili mafundi humwita pawa. Huyu hachagui wala harekebishi. Hupewa volti moja au mbili, huzizidisha kama mara 20, kisha hutia kile ambacho priampu haiwezi kukitoa hata ikijikaza vipi: mkondo mzito wa kuisukuma koni ya spika mbele na kuirudisha nyuma, kwa wakati, mamia na maelfu ya mara kwa sekunde.

Sasa, amplifaya ya pamoja, yaani ile ya boksi moja, inao wote wawili. Hakuna amplifaya isiyo na vipande. Kilichopo ni vipande vilivyofungwa katika bati moja au katika mabati mawili. Ile tunayoiita risiva ni hiyohiyo ikiongezewa redio, na risiva za sinema za siku hizi ni hiyohiyo ikiongezewa spika nyingi na waya wa televisheni.

Kuna jambo hapa ambalo huwashangaza hata watu waliozoea vyombo. Wengi huamini kwamba priampu huongeza nguvu, na kwamba ukiweka priampu kubwa spika zitalia zaidi. Angalia namba. Mashine ya CD hutoa mpaka volti 2. Pawa inayozidisha mara 20 ikipewa volti 2 zote ingetaka kutoa volti 40, ambazo kwenye spika ya omu 8 ni wati 200. Pawa ya wati 50 hushiba kwa volti 1 tu. Kwa hiyo unaposikiliza CD, karibu muda wote priampu inazuia. Kinobu chako ni hatamu. Kwa santuri tu ndipo priampu inapokuza kwelikweli, na hapo ndipo ubora wake hujulikana.

Sababu ya kuwatenganisha

Kama kazi hizi zinaweza kukaa pamoja, ni nani aliyeona haja ya kuzitenga? Walioona haja hiyo walikuwa na hoja nzuri, na hoja yao bado iko hai.

Transfoma kubwa ya pawa humwaga usumaku kuizunguka, na usumaku huo unacheza kwa mwendo wa umeme wetu, mara 50 kwa sekunde. Kando yake, umbali wa shubiri moja, iko sehemu ya priampu inayosikiliza milivolti 5. Ni sawa na kumwomba mtu asikilize mnong'ono akiwa amekaa kando ya mashine ya kusaga. Priampu huuokota mvumo ule na kuukuza pamoja na muziki, na wewe unausikia: mmmmm ya chini, hasa wimbo unapoisha.

Hoja ya pili ni ya unywaji wa umeme. Waya mnene wa gitaa la besi, usipobanwa, hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde. Sauti ya chini hivyo hudai mkondo mwingi, na hudai kwa ghafla. Kama umeishi nyumba ambayo pampu ya maji ikiwaka taa hufifia, umekwisha kuelewa. Pawa inapovuta, volti za ndani ya boksi huyumba, na priampu inayokunywa kutoka chanzo hichohicho huyumba nayo. Sauti ya mwimbaji, ambayo haina hatia yoyote, hupata kivuli kila besi inapopiga.

Dawa iliyo wazi ni kuwapa vyumba tofauti. Uingereza, kampuni ya Quad ilitoa mwaka 1967 priampu iitwayo 33 na pawa iitwayo 303, na jozi hiyo ilikaa majumbani mwa watu kwa miongo. Boksi dogo la vinobu likawa karibu na msikilizaji, boksi la joto na transfoma likasogezwa pembeni. Ulikuwa ufumbuzi wa kiungwana na mpaka leo naupenda.

Lakini watengenezaji wa boksi moja nao hawakulala. Walianza kutumia transfoma ya mviringo kama kitumbua, ambayo humwaga usumaku kidogo zaidi. Walitenga nyuzi za transfoma ili priampu ipate zake. Waliweka saketi ya kuzishikilia volti za priampu zisiyumbe hata pawa ikivuta. Waliisogeza saketi ya santuri ikakaa palepale penye tundu la nyuma, mbali na transfoma, na wakaisitiri kwa bati. Ukifanya hayo yote kwa makini, umewatenga wafanyakazi wawili bila kuongeza boksi.

Mfano ninaoupenda ni NAD 3020 ya mwaka 1978. Kwenye karatasi ilikuwa na wati 20 tu kila upande, na bei yake ilikuwa ya watu wa kawaida. Ilipendwa kwa sababu transfoma yake na kapasita zake, yaani vile vihifadhi vya umeme vya ndani, ziliweza kutoa mkondo wa ghafla kuliko namba hiyo ilivyoahidi, hata kwa spika ngumu. Nyuma yake kulikuwa na vijipini vya chuma vilivyoinamishwa kama herufi U, vikiunganisha tundu la kutokea priampu na tundu la kuingilia pawa. Ukivichomoa, boksi moja linageuka mawili: unaweza kuitumia priampu yake peke yake, au pawa yake peke yake. Amplifaya kadhaa za Kijapani za miaka hiyo zilikuwa na mlango huohuo.

Vijipini hivyo nina kisa navyo. Jirani mmoja wa Makorora alitaka kuitupa amplifaya yake kwa kuwa upande wa kushoto ulikuwa umekufa, na alikwisha ambiwa kwamba transista zimeungua. Nilipoigeuza nilikuta kijipini cha kushoto kimefanya kutu ya kijani. Tulikisugua kwa msasa laini, tukakirudisha, na upande ukaamka. Tangu siku hiyo, mtu akiniletea boksi la miaka ya 1970 lenye upande uliokufa, nyuma ndiko ninakoanzia.

Boksi la pili huja na wageni wake

Kutu ile ya kijani ndiyo inayonifanya niwe mgumu kidogo kuwashauri watu wa hapa kununua vipande. Ukitenganisha priampu na pawa, umeongeza waya wa kuziunganisha, pini nne za waya huo, matundu manne, waya mwingine wa umeme, swichi nyingine na fyuzi nyingine. Sehemu ya ndani ya boksi moja imeunganishwa kwa risasi ya kuchomelea, ambayo haihofii upepo. Pini na matundu huuhofia. Nyumba ya Raskazone au Sahare, madirisha wazi, kaskazi inavuma mchana kutwa kutoka baharini, hewa inayoingia ina chumvi na unyevu, na kila mahali ambapo chuma kinagusana na chuma pasipo kuchomelewa ni mahali ambapo siku moja sauti itakwaruza. Mwenye vipande na akae na desturi ya kuchomoa pini zake kila miezi michache, kuzifuta kwa spiriti na kuzirudisha. Ni kazi ya dakika kumi, lakini ni lazima ifanywe.

Mgeni wa pili ni mvumo wa ardhi. Maboksi mawili yenye plagi za pini tatu, kila moja ina njia yake ya kwenda kwenye waya wa ardhi ukutani, na waya wa sauti unaziunganisha upande wa pili. Limepatikana duara, na duara hilo huokota mvumo wa umeme wa nyumba nzima kama chandarua kinavyonasa mbu. Dawa ni kuchomeka maboksi yote katika soketi zilizo pamoja, ubao mmoja, na kufupisha waya wa sauti. Nimeona watu wakitibu kwa kuukata waya wa ardhi ndani ya plagi. Nakusihi usifanye hivyo. Mvumo utaondoka, ndiyo, na siku transfoma itakapovuja umeme kwenye bati, mtoto atakayegusa kinobu ndiye atakayekuwa waya wa ardhi.

Kisha kuna kuoana. Boksi moja limeoanishwa kiwandani. Vipande vya makampuni mawili unavioanisha wewe, na mambo ya kutazama ni mawili. Ukinzani wa kuingilia pawa uwe mkubwa angalau mara kumi kuliko ule wa kutokea priampu, la sivyo priampu inachoka na muziki unapoteza uzito, mara nyingi kuanzia kwenye besi. La pili ni ukuzaji. Pawa inayozidisha sana ikiungwa na priampu inayotoa volti nyingi, utakuta robo tu ya kinobu inatosha kuamsha mtaa, na hapo chini kabisa mwa kinobu ndipo pande mbili za sauti huwa hazilingani, kulia kukitangulia kushoto. Ukiona mtu analalamika kwamba mwimbaji wake "amehamia upande mmoja" sauti ikiwa ndogo, mara nyingi ni hilo.

Na joto. Usiipandishe priampu juu ya pawa hata kama picha ya dukani ilionyesha hivyo. Kanuni ya zamani ya mafundi husema kapasita hupoteza nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka, na Tanga ya mwezi wa pili hatuhitaji kuongezewa. Vilevile kile kitambaa cha kufuma kilicholazwa juu ya chombo, na ninakipenda kitambaa cha kufuma, kiondolewe muziki unapopigwa. Yale matundu yaliyo juu ya bati ndiyo pua.

Spika ndiyo inayoamua

Katika siku zile tatu nilimwuliza mjomba maswali mengi, na karibu yote yalikuwa juu ya spika na sebule. Boksi ngapi lilikuwa swali la mwisho.

Chukua spika ya kawaida ya nyumbani, ambayo kwa wati 1 hutoa desibeli 87 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) ukiwa umbali wa mita 1. Sebule yake ni ya mita 4 kwa 5, na kiti chake kiko mita 3 kutoka kwenye spika. Umbali huo hula desibeli 9 na nusu hivi, lakini spika ya pili hurudisha kama 3, na kuta nazo hurudisha kiasi. Kwa wati 2 kila upande, anapata karibu desibeli 85 kitini, ambayo ni sauti kubwa kwa mzee aliyekaa na kahawa yake. Ngoma inapopigwa ghafla inaweza kupanda desibeli 15 juu ya hapo, na desibeli 15 ni nguvu mara 30 na kidogo. Mara 30 ya wati 2 ni wati 60, basi. Kilele cha muziki wote wa sebule ile ni wati 60, na sehemu kubwa ya jioni hutumia 1 au 2.

Ndiyo maana sisumbuki mtu akiniambia boksi hili ni wati 50 na lile ni 100. Kuzidisha nguvu mara mbili huongeza desibeli 3, tofauti ambayo unaisikia ukiitafuta. Sikio husema "sasa imekuwa mara mbili" karibu na desibeli 10, na kufika huko unahitaji nguvu mara kumi. Zile sabufa zenye maandishi ya wati 10,000 ubavuni zinatuambia kitu kimoja tu, kwamba aliyeandika hakuogopa hesabu. Plagi yetu ya ukutani yenye fyuzi ya ampea 13, kwa volti 230, haipitishi kwa kuendelea zaidi ya wati 2,990. Geuza chombo, soma fyuzi yake. Fyuzi ya ampea 2 ni wati 460 zinazoingia, na zinazotoka kwenda spikani ni pungufu ya hapo.

Namba ninayoitafuta mimi ni nyingine: amplifaya hutoa wati ngapi kwa omu 8, na ngapi kwa omu 4. Spika ya omu 4 huvuta mkondo maradufu kwa volti zilezile. Kama amplifaya inatoa 50 kwa omu 8 na ikakaribia 100 kwa omu 4, transfoma yake ni ya kweli. Kama inatoa 50 na kisha 55, au kama nyuma pameandikwa kwamba omu 4 hairuhusiwi, umekwisha kujua pumzi yake inaishia wapi.

Hapa ndipo vipande hupata haki yao, na ningekuwa mwongo nikizuia. Mwenye spika kubwa za omu 4 ambazo ni ngumu kusukumwa, zile za desibeli 83 au 84, anahitaji transfoma nzito na mabati ya kupozea mapana, na vitu hivyo havitoshei vizuri katika boksi moja bila kuibana priampu. Mwenye ukumbi mrefu, spika mbali na kiti, atafaidi kuiweka pawa karibu na spika, kwa waya mfupi mnene, na priampu karibu na mkono wake. Na mwenye sindano ya koili inayotembea, ambayo hutoa chini ya nusu milivolti, anayo sababu ya kutaka milivolti zake zikae mbali kabisa na transfoma kubwa. Hao watatu nikiwaona na vipande, nawapa hongera.

Kwa wengine wote, fikiria fedha inakwenda wapi. Kila boksi lina bati lake, transfoma yake, matundu yake, katoni yake na nauli yake ya meli. Ukiwa na shilingi 1,000,000 ya kununua vyombo vipya, ukaigawa kwa maboksi mawili, sehemu kubwa ya nusu ya pili imelipia bati na katoni. Ningeiweka nusu nzima kwenye spika, kiasi kwenye sindano nzuri, na boksi moja la amplifaya kwa kilichobaki. Zulia pia. Sebule zetu zina sakafu ya vigae na kuta tupu, sauti inadunda kama mpira, na hakuna priampu duniani inayoweza kulifuta dundo hilo. Zulia moja na pazia zito huweza kuibadilisha sebule kuliko boksi la pili.

Kuna zile amplifaya ndogo mpya za daraja D pia (daraja ni namna saketi ya pawa inavyofanya kazi), zisizozidi ukubwa wa kitabu, ambazo hugeuza zaidi ya asilimia 90 ya umeme kuwa nguvu ya spika. Zile za kawaida za daraja AB, hata kwa hesabu ya juu kabisa ya vitabuni, hazipiti asilimia 78 na nusu. Kwa nyumba ya Pangani au Muheza inayotumia umeme wa jua, hoja inaishia hapo hapo: boksi moja, daraja D.

Siku ya kwenda dukani

Tulikwenda wote wawili, asubuhi, Ngamiani. Yale maboksi mawili yalikuwa mazima, lakini nilipoinama nyuma ya pawa nilikuta feni. Ilikuwa pawa ya ukumbini, iliyotengenezwa kusukuma harusi. Harusini feni haisikiki. Sebuleni, saa nne ya usiku, katikati ya kipande cha fidla, inasikika kuliko fidla. Priampu yake nayo ilikuwa na matundu ya CD na ya kaseti, na halikuwepo la santuri. Mjomba angehitaji boksi la tatu. Nilimweleza kijana wa duka kwa upole, naye kusema kweli hakuwa mkora, alikuwa amefundishwa hivyo.

Lile la Kijapani lilikuwa na tundu la santuri, na skrubu ya ardhi pembeni yake. Kibao cha nyuma kilisema volti 100. Huo ndio umeme wa Japani, na chombo kama hicho kikichomekwa kwenye volti 230 za Tanzania hutoa moshi kabla ya muziki. Vya Marekani ni volti 120, hatari ni ileile. Usikubali neno "inawaka, jaribu". Soma kibao kwanza, kwa macho yako. Kibao hicho kilisema chombo hula wati 150, kwa hiyo tulinunua transfoma ya kushusha yenye uwezo wa voltiampea 500, isije ikachemka. Kama tungechukua vipande vya Kijapani, tungetafuta transfoma ya kutosha maboksi mawili.

Fundi alilifungua, na nasisitiza fundi, maana kapasita za ndani huweka umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Akavisafisha vinobu vilivyokuwa vikikwaruza, akabadilisha kapasita mbili zilizovimba. Tulipofika Chumbageni tukaunga kila kitu, tukawasha, na mvumo ukajaa nyumba nzima. Mjomba akaniangalia. Tatizo lilikuwa ule waya mwembamba unaotoka kwenye mashine ya santuri, wa peke yake, usio na pini, ulikuwa unaning'inia. Nikaufunga kwenye ile skrubu ya ardhi na mvumo ukakatika.

Alipiga santuri nne, tano, mfululizo. Shangazi alikuja kusimama mlangoni na mwiko mkononi. Kati ya moja na nyingine mjomba aliinama nyuma ya amplifaya, akavigusa vile vijipini viwili vyenye umbo la U, akauliza vya nini. Nikamwambia siku akibadilisha spika na hizi wati zikamwelemea, hapo ndipo pawa nyingine itakapoingilia, na hili boksi litabaki kuwa priampu yake.

"Basi nisivipoteze," akasema. Akatoa leso mfukoni, akavifuta kimoja kimoja, akavirudisha, kisha akaniomba nimgeuzie santuri upande wa pili.